Mfereji Hauli Kila Kitu

Mwaka 1810 mkazi wa London aliyeelekeza choo chake kwenye mfereji wa umma alikuwa mvunja sheria. Mwaka 1850 aliyeng'ang'ania shimo lake na kukataa kujiunga na mfereji ndiye aliyefuatwa na maofisa. Choo kilikuwa kilekile, mfereji uleule, na mara nyingi hata nyumba ilikuwa ileile. Sheria ndiyo iliyopinduka, tena ndani ya umri wa mtu mmoja.

Leo sheria za nini kiingie na nini kisiingie katika mabomba ya majitaka husomeka kama orodha kavu ya karani: petroli hapana, mvuke hapana, asidi hapana, mafuta kiasi hiki, joto kiasi kile. Ukizisoma taratibu utagundua kwamba karibu kila mstari una mahali ulipozaliwa. Mmoja ulizaliwa mtoni, mwingine kiwandani, mwingine barabarani alfajiri baada ya mlipuko. Mistari mingi ya kale ni ya Uingereza, na baadhi yake ilisafiri hadi kwetu bila kuulizwa inakwenda kufanya nini.

Mfereji wa mvua, 1388–1815

Bunge lililokutana Cambridge mwaka 1388, zama za Mfalme Richard II, lilikataza watu kutupa mavi, matumbo ya wanyama na uozo mwingine katika mitaro na mito ya miji. Faini ilikuwa pauni 20, fedha ambayo kibarua wa siku zile asingeishika kwa miaka kadhaa. Mwaka 1531, chini ya Henry VIII, ikaja sheria ya makamishna wa mifereji. Hapa msomaji ajihadhari. Neno la Kiingereza tunalolitafsiri leo kuwa mfereji wa majitaka lilikuwa na maana ya mkondo wa kuondolea maji ya mvua na kukausha mabonde. Kazi ya makamishna wale ilikuwa kuzuia mafuriko. Kinyesi hakikuwahusu, ila pale kilipoziba njia ya mvua.

Kinyesi kilikuwa na njia yake. Uani, au chini ya nyumba yenyewe, palichimbwa shimo, na shimo likijaa waliitwa watu wa usiku. Wakazi wa Dar es Salaam wanawajua ndugu zao wa kazi: vyura, wanaoshuka shimoni na ndoo mtaa ukiwa umelala. Wale wa London walipakia mikokoteni, wakatoka nje ya mji, wakawauzia wakulima mbolea. Mwanzoni mwa karne ya 19 jiji lilikuwa na watu wapatao milioni moja na mashimo yapatayo 200,000. Mfereji ulipokea mvua na maji ya jikoni, kinyesi kilikatazwa, na mto Thames ulikuwa bado na samaki aina ya samoni. Sifa zote za mpango huo zilitegemea jambo moja: kwamba kilichomo shimoni ni kizito na hakina maji mengi.

Mpini wa Bramah, 1775–1854

Kilichouvunja mpango huo kilikuwa chombo cha anasa. Alexander Cumming, fundi wa saa, alipata hataza ya choo cha kuvuta maji mwaka 1775. Joseph Bramah akakiboresha mwaka 1778, na nyumba za wenye uwezo zikaanza kukitaka. Sasa chukua shimo lililochimbwa kupokea haja za familia moja, kisha mwagia humo lita kadhaa za maji kila mtu anapovuta mpini. Shimo lililojaa kwa mwaka linajaa kwa wiki, linapenya kwenye visima vya jirani, linafurika chini ya mbao za sakafu. Mkulima naye hataki maji. Anataka mbolea.

Mwaka 1815 marufuku ikalegezwa na nyumba zikaruhusiwa kutoa uchafu wao kwenye mifereji ya mvua. Ilikuwa ruhusa tu, si amri, na kwa miaka thelathini mashimo na mifereji viliishi pamoja. Kisha biashara ya watu wa usiku ikaanza kufa yenyewe. Mji ulitanuka, mashamba yakawa mbali, mkokoteni ukahitaji safari ndefu zaidi. Katika miaka ya 1840 meli zikaanza kuleta guano, mavi ya ndege wa pwani ya Peru, mbolea kavu na yenye nguvu. Nani tena angenunua uji wa London?

Ndipo anapoingia Edwin Chadwick, mwanasheria mkali, mchapakazi, asiyependa kupingwa. Ripoti yake ya 1842 kuhusu hali ya afya ya vibarua ilionyesha kwa takwimu jinsi uchafu unavyoua maskini. Tatizo lilikuwa sababu aliyoiamini. Kama wasomi wengi wa zama zake, Chadwick alishika kwamba ugonjwa huletwa na uvundo, kwamba hewa yenye harufu ndiyo sumu yenyewe. Kwa imani hiyo shimo lililo chini ya chumba cha kulala ni muuaji, na tiba ni kukiondoa kilichomo haraka iwezekanavyo. Kiende wapi? Mbali na pua.

Mwaka 1848 ikaundwa tume moja ya mifereji ya karibu jiji lote, Chadwick akiwa miongoni mwa makamishna, na ruhusa ikageuka amri: mashimo yafungwe, nyumba ziunganishwe. Kwa muda wa miaka sita hivi mashimo yapatayo 30,000 yakaondolewa. Maonyesho makubwa ya 1851 yakazidisha hamu. Watu zaidi ya 827,000 walilipa peni moja kuvitumia vyoo vya maji vya George Jennings ndani ya jumba la vioo, na wengi walirudi makwao wakikitaka chombo kile.

Hesabu ilifanywa nusu. Uvundo ulioondoka nyumbani ulihesabiwa, lakini mto ulioupokea haukuhesabiwa, na mtoni humohumo ndimo makampuni yalimochota maji ya kunywa. Kipindupindu cha 1848–49 kiliua zaidi ya watu 14,000 jijini London. Daktari John Snow alisema tangu 1849 kwamba ugonjwa umo ndani ya maji. Ugonjwa uliporudi 1853–54, alipita nyumba kwa nyumba kusini mwa mto akiuliza kila mlango unanunua maji ya nani. Kampuni moja ilikuwa imehamisha mdomo wa kuchotea maji juu ya mto, mbali na mifereji, na nyingine ilikuwa bado inachota katikati ya jiji. Wateja wa hiyo ya pili walikufa kwa wingi wa kutisha kuliko majirani zao wa mtaa uleule. Wakubwa wengi hawakumwamini.

Kiangazi cha 1858

Alichoshindwa Snow kwa takwimu, jua lilikimaliza kwa wiki chache. Juni 1858 joto lilipanda, maji ya Thames yakapungua, na kinyesi cha jiji zima kikabaki kingoni kikichemka. Jengo la Bunge liko ukingoni mwa mto huohuo. Mapazia yalilowekwa katika chokaa ya klorini, wabunge wakazungumza na vitambaa puani, na mpango uliokuwa umekwama kwa miaka ukapata muswada uliopita kwa siku 18. Ukawa sheria tarehe 2 Agosti. Sijui mfano mwingine ulio wazi kama huu wa pua ya mbunge kufanya kazi ya kura.

Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga njia kuu zenye urefu wa kilomita 132 hivi, zikiikata mifereji ya zamani kabla haijafika mtoni na kuyapeleka majitaka mashariki, hadi Beckton upande wa kaskazini na Crossness upande wa kusini. Crossness ilifunguliwa mwaka 1865, na mwana wa malkia alikuwepo. Huko majitaka yalihifadhiwa yakisubiri maji kupwa, kisha yakaachiwa yaende baharini. Hayakusafishwa hata kidogo.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maji yakijaa, sehemu ya kilichoondoka ilirudi. Jioni ya tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice, iliyojaa watu waliotoka matembezini, iligongwa na meli ya makaa ya mawe karibu na Woolwich, mahali palepale majitaka yalipokuwa yameachiwa muda mfupi kabla. Zaidi ya watu 600 walikufa. Waliookolewa walisimulia maji mazito yenye kunuka, na wakazi wa London wakalazimika kuuliza swali walilodhani limezikwa: huo uchafu tumeupeleka wapi hasa? Tangu 1887 tope lilianza kutenganishwa na kupakiwa melini kwenda kutupwa baharini. Meli ya kwanza ilipewa jina la Bazalgette, na safari hizo hazikukoma hadi 1998.

Viwanda vinabisha hodi, 1876–1898

Hadi hapa tunazungumzia haja za binadamu. Lakini kaskazini mwa Uingereza mito ilikuwa na rangi. Siku kinu cha sufu kilipotia bluu, mto ulikuwa bluu. Kiwanda cha ngozi kilimwaga chokaa, nywele na magome, mpika bia akamwaga machicha, kiwanda cha gesi kikamwaga lami. Mwaka 1876 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito, na humo kikawekwa kifungu cha 7, kidogo kwa maneno, kikubwa kwa matokeo. Kilisema kwamba mamlaka yenye mifereji iwape wenye viwanda nafasi ya kupitisha maji yao humo. Kwa maneno mengine, usimwage mtoni, mwaga kwenye bomba la majirani zako wote.

Kifungu hicho kilikuja na kinga tatu. Mamlaka haikulazimika kupokea maji yatakayouharibu mfereji, wala yatakayoharibu uuzaji au matumizi ya majitaka shambani, wala yale ambayo kwa joto lake au kwa namna nyingine yangehatarisha afya. Nizitazamapo kinga hizi tatu naona mbegu ya karibu kila sheria ya mabomba iliyofuata. Linda bomba, linda kinachofanywa na majitaka mwishoni, linda watu. Hiyo ya pili ilihusu mashamba. Miji mingi wakati ule ilimwagilia majitaka kwenye majani na mboga, na hakuna mkulima aliyetaka lami kwenye kabichi.

Mwaka 1890 sheria nyingine iliziwekea kinga hizo makali, kwa miji iliyoamua kuipokea. Kifungu kimoja kilikataza kitu chochote kitakachozuia mwendo wa maji mferejini. Kilichofuata kilitaja taka za kemikali, mvuke, na kimiminika chenye joto linalozidi digrii 110 za Fahrenheit. Kwa nini joto? Kwanza, ndani ya mifereji kulikuwa na watu. Wafanyakazi wa kuizibua walipita humo wakiwa wameinama, na mvuke wa boila ukifunguliwa bila taarifa ungewapika. Pili, maji ya moto huharakisha uozo. Uozo usiopata hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, gesi hiyo hupanda kwenye dari la mfereji lenye unyevu, na vijidudu vya hapo huigeuza kuwa asidi ambayo hula saruji polepole hadi barabara iliyo juu ikazama.

Nambari hiyo, 110, ina maisha ya ajabu. Waingereza walipohamia Selsiasi hawakuiviringisha. Hadi leo vibali vingi vya viwanda nchini Uingereza vinataja kikomo cha nyuzi 43.3. Ukikutana na desimali hiyo ukadhani ni matokeo ya maabara fulani makini, kumbe ni kipimajoto cha zama za Malkia Victoria kilichotafsiriwa.

Bradford inastahili tusimame kidogo. Ulikuwa mji wa sufu, na sufu kabla ya kufumwa huoshwa. Manyoya ya kondoo yana mafuta mengi, na mafuta hayo yote yaliingia mferejini hadi majitaka ya mji yakawa hayafanani na ya mji mwingine wowote. Kuwakatazia wenye vinu kulikuwa sawa na kuufunga mji. Halmashauri ikajenga mtambo Esholt, ikatia asidi ya salfa kuyatenga mafuta, ikayakamua kwa mashinikizo na kuyauza. Kwa hiyo kitu ambacho mji mwingine ungekiandika kwenye orodha ya marufuku, Bradford ilikiandika kwenye daftari la mapato.

Lakini miji mingi haikuwa na sufu ya kuuza, na ugomvi wa nani alipe ulifika mahakamani. Mwenye kiwanda mmoja wa Oswaldtwistle, Lancashire, alitaka halmashauri ilazimishwe kujenga mifereji inayotosha maji ya kiwanda chake. Kesi ilipanda hadi mahakama ya mwisho mwaka 1898 na akashindwa. Aliambiwa kwamba mwenye kuilazimisha halmashauri ni bodi ya serikali inayosimamia miji, basi akalalamike huko. Mwenye kiwanda akabaki na haki ya nusunusu, na halmashauri ikabaki na wajibu wa nusunusu.

Tope lililo hai, 1914

Tarehe 3 Aprili 1914, Edward Ardern na William Lockett walisoma mbele ya wanakemia wa Manchester matokeo ya majaribio yao katika mtambo wa Davyhulme. Walikuwa wamepuliza hewa ndani ya majitaka, wakaacha tope litulie, wakamwaga maji ya juu, wakabakiza tope na kuongeza majitaka mapya juu yake. Wakarudia tena na tena. Mara ya kwanza kazi ilichukua wiki kadhaa. Tope lilipozidi kukomaa, kazi ileile ilikwisha kwa saa chache, kwa sababu tope lile lilikuwa limegeuka kundi kubwa la vijidudu wenye njaa. Mitambo mingi mikubwa ya dunia leo hufanya kazi kwa namna hiyo.

Kwa sheria, ugunduzi huo ulibadilisha maana ya madhara. Zamani kitu kibaya kilikuwa kile kinachoziba, kinachonuka au kinachounguza. Sasa mwisho wa bomba palikuwa na mifugo, na mifugo inaweza kupewa sumu. Maji safi kwa macho, yasiyo na harufu, yanayotoka kwa fundi wa kupaka kromu vipini vya milango, yanaweza kubeba sianidi au metali ya kutosha kuua tope la mji mzima usiku mmoja. Asubuhi mtambo unasimama na majitaka ya maelfu ya watu yanakwenda mtoni kama yalivyo. Mtu wa pua hawezi kuyagundua hayo. Inahitajika maabara, na ukihitaji maabara unahitaji kujua mapema nani anamwaga nini.

Kibali, 1936–1937

Sheria ya afya ya umma ya 1936, kifungu cha 27, ilikusanya marufuku za zamani mahali pamoja na kuongeza ulinzi wa usafishaji wa majitaka. Humo pia petroli na kabaidi ya kalsiamu zinakaa pamoja. Petroli inaeleweka, kwani magereji yalikuwa yamejaa mijini, na mvuke wake ukikusanyika chini ya barabara hungoja cheche. Kabaidi ndiyo inayomshangaza msomaji wa leo. Ni mawe ya kijivu ambayo yakiguswa na maji hutoa asetilini, gesi iwakayo kwa mwanga mkali. Taa za baiskeli na za magari ya mwanzo ziliwaka kwa mawe hayo. Sasa tia mawe hayo mferejini, mahali penye maji usiku na mchana.

Mwaka uliofuata, 1937, ukaleta geuko la pili kubwa baada ya lile la 1848. Sheria ya maji ya viwandani ilimaliza ule unusunusu wa Oswaldtwistle. Mwenye kiwanda alipewa haki ya kutumia mfereji wa umma, lakini haki hiyo ilipitia mlango wa kibali. Alipaswa kuijulisha mamlaka miezi miwili kabla, akitaja maji yake ni ya aina gani, ni kiasi gani kwa siku na yatatoka kwa kasi gani. Mamlaka ingeweza kuweka masharti na kudai malipo, na asiyeridhika akakata rufaa kwa waziri. Waliokuwa wakimwaga tangu zamani waliachwa kwanza, na madobi walisamehewa kabisa.

Malipo yalizaa hesabu yenye jina la mtambo wa Mogden, magharibi mwa London. Mwenye kiwanda hulipia wingi wa maji, kisha hulipia ukali wake ukilinganishwa na majitaka ya kawaida ya majumbani: uchafu wa kuliwa na vijidudu kiasi gani, tope kiasi gani. Mpika bia ambaye maji yake ni makali mara nne ya ya nyumbani hulipa kwa ukali huo. Kuna wanaoona hii ni kuuza ruhusa ya kuchafua. Mimi naiona kama ukweli wa Bradford ulioandikwa kwa kanuni: anayeongeza kazi mwishoni mwa bomba aonekane kwenye hesabu.

Povu na mlipuko, 1950–1992

Miaka ya 1950 sabuni mpya za unga zilijaza mitambo na mito povu ambalo vijidudu walishindwa kulila. Halikutoka kiwandani, lilitoka kwenye mabeseni ya akina mama wa nyumbani, na kumpa kila mama kibali hakuwezekani. Suluhu ikapatikana mlangoni mwa mtengenezaji: kufikia katikati ya miaka ya 1960 sabuni zilikuwa zimebadilishwa ziweze kuoza.

Marekani ilijifunza kwa njia ngumu zaidi. Katika mji wa Hopewell, Virginia, kampuni ndogo iliyokuwa ikifanya kazi katika kilichokuwa kituo cha mafuta ilitengeneza Kepone, dawa ya kuua wadudu, tangu 1974. Mabaki yaliingia mabomba ya mji. Mtambo wa majitaka ulitoa ishara mapema, kwani vijidudu wa kuozesha tope walikufa. Wafanyakazi wakaanza kutetemeka mikono, na katikati ya 1975 kiwanda kikafungwa. Desemba mwaka huo gavana akaufunga mto James kwa uvuvi. Mwaka 1977 ikawa zamu ya Louisville, Kentucky. Kemikali za sumu zilizomwagwa kwa siri kwenye bomba ziliwadhuru wafanyakazi wa mtambo, ukafungwa kwa miezi, na majitaka ya mji yakaenda mto Ohio bila kusafishwa. Kanuni za taifa za kusafisha maji ya viwandani kabla hayajaingia bomba la umma zilitolewa mwaka uliofuata.

Karatasi haikuiokoa Louisville. Alfajiri ya tarehe 13 Februari 1981, wanawake wawili walikuwa wakiendesha gari kwenda kazini hospitalini. Cheche ya gari ilikutana na mvuke uliotoka chini ya barabara. Ulikuwa mvuke wa heksani, kimiminika cha kutolea mafuta kwenye soya, kutoka kiwanda cha Ralston Purina kilichokuwa jirani. Zaidi ya kilomita 3 za barabara zilipasuka na mifuniko ya chemba ikaruka angani. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa wengi walikuwa bado vitandani.

Guadalajara, Mexico, haikupata bahati hiyo. Tarehe 22 Aprili 1992 petroli iliyovuja kutoka bomba la mafuta ilijaza mifereji ya mtaa wa Analco. Wakazi walikuwa wamelalamikia harufu kwa siku kadhaa. Milipuko ilirarua kilomita 8 hivi za barabara na kuua zaidi ya watu 200.

Marekani ilikuwa imekwisha kuongeza mstari kwenye kanuni zake mwaka 1990: hakuna kimiminika kitakachoingia bombani kama mvuke wake unaweza kushika moto chini ya nyuzi 60 za Selsiasi. Ni sentensi moja fupi. Ukijua Louisville, unaisikia.

Mafuta ya chipsi, 2013–2018

Safari hii kosa lilirudi jikoni. Mwaka 2013 chini ya Kingston, London, ilikutwa bonge la mafuta la tani 15. Mwaka 2017 Whitechapel likakutwa jingine la tani 130, refu la mita 250, gumu kama saruji. Mafuta ya kukaangia hukutana na kalsiamu na kuganda kama sabuni, kisha vitambaa vya unyevu vya kufutia watoto huyashikamanisha. Jumba la makumbusho la jiji lilionyesha kipande chake mwaka 2018 ndani ya sanduku la kioo, nacho kikatoa jasho na kuangua nzi mbele ya watazamaji. Sheria ya 1890 ilikuwa tayari imekataza chochote kinachozuia mwendo wa maji. Haikuwahi kutuma askari kwenye sinki la mtu.

Mawe ya kijivu, Nairobi

Kenya ilipata sheria ya afya ya umma ya mtindo wa Kiingereza mwaka 1921, na desturi ya kuandika sheria za mabomba kwa orodha ya makatazo ikabaki baada ya uhuru. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka jedwali maalumu la maji yanayoingia mabomba ya umma. Kipimo chake kikuu kilikuwa oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu kwa siku tano. Kiwanda kiliruhusiwa kupeleka bombani hadi miligramu 500 kwa lita, lakini kilichotoka kwenda mtoni hakikutakiwa kuzidi 30. Hiyo tofauti ya 470 ndiyo kazi waliyoachiwa vijidudu mwishoni mwa bomba, kama wale wa mabwawa ya Dandora, kule Ruai.

Chini ya jedwali, mbali na nambari za risasi na zebaki, palikuwa na vitu vilivyoandikiwa kwamba visiwepo kabisa. Kimoja kilikuwa kabaidi ya kalsiamu. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Taa za baiskeli za wazee wa Kiingereza, katika kanuni ya Kenya ya karne ya 21! Nilidhani ni karani aliyenakili bila kufikiri.

Kisha nikakumbuka wanaoivisha ndizi na maembe kwa mawe hayohayo, na mafundi wa jua kali wanaokata na kuchomelea chuma kwa asetilini wanayoitengeneza wenyewe, mawe ndani ya mtungi, maji juu yake. Jioni fundi akimaliza kazi hufungua mtungi na kumwaga mtaroni uji mweupe wa chokaa. Vipande ambavyo havijaisha nguvu huendelea kuchemka humo, vikitoa mapovu na harufu kama ya kitunguu saumu.